Kula ya Maji Haitakuokoa, na Mimi Ndiye Niliwadanganya

Leo mtanitukana kwa komenti na ni sawa, juu hata mimi nimejitukana vya kutosha.

Wale wamenifuata kitambo wanakumbuka ile video ya mashine yangu. Kasha la kioo, taa za zambarau, mirija miwili myeusi ikitoka kwa prosesa kwenda kwa redieta ya milimita 240, na mimi nimesimama kando na kifua mbele nikisema Kawangware tumefika. Nilisema pia kwamba kama una-ovakloki na bado uko na kula ya hewa, wewe unacheza tu. Hiyo video ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuposti.

Kitu sikuwahi kuposti ni venye iliisha.

Miezi minane baadaye, saa saba usiku, nilikuwa narenda video ya harusi ya watu wa Gatina. Mteja alikuwa anaitaka asubuhi. Mashine ikazima. Nikawasha, ikazima tena. Nikaingia bayosi, nikaona prosesa iko digrii 95 na hata sijafungua kitu. Nikashika redieta: baridi kama mlango wa mabati alfajiri. Hapo nikajua. Pampu ilikuwa imekufa. Maji yako ndani, yametulia, hayaendi popote, na prosesa inajipika yenyewe.

Nilikuwa nimeinunua huko tao, mtumba, bila boksi, bila risiti. Fundi aliigeuza mara moja akaniambia hii haifunguliwi, wewe tupa. Mteja alilipa nusu, na kwa mtaa maneno hutembea haraka kuliko 46 isiyo na abiria.

Asubuhi nikarudisha ile kula ndogo ya bure iliyokuja na Ryzen 5 3600 yangu. Nilikuwa nimeifanya ya kuzuia mlango. Nikatoa ovakloki, nikarenda ile harusi upya. Kazi ya ukubwa huo ilikuwa inachukua dakika 29. Ikachukua 31.

Dakika mbili. Hizo ndizo nilikuwa nimelipia shilingi 9,500.

Sasa, ningekuwa peke yangu ningenyamaza tu, hasara ni yangu. Lakini kuna kijana wa Laini Saba, huko Kibera, alitazama ile video. Anafanya kazi ya kudizaini mabango na posta za kampeni, na usiku anaendesha tunamenti za gemu kwa chumba chao. Alikuwa amejiwekea pesa za UPS na pawa saplai ya maana. Akaziacha, akanunua kula ya maji, mpya kabisa, kwa sababu mimi nilisema. Akaniandikia hata kunishukuru. Wiki chache baadaye stima ikapotea, ikarudi kwa hasira, ikapotea, ikarudi. Ile pawa saplai yake ya bei ya chini ikalipuka na ikaenda na madabodi.

Kula yake bado ni nzima. Haina cha kupoza.

Kwa hivyo hii si ripoti ya kifaa. Hii ni kusema ukweli, na ukweli wenyewe ni huu: kwa wengi wetu huku Kibera na Kawangware, kula ya maji ndiyo kitu cha mwisho unafaa kununua, na tumedanganyana kwamba ni cha kwanza. Wacha nieleze kwa nini, ili usiseme ni uchungu wa pampu unaongea.

Tuanze na hesabu ya kuovakloki yenyewe. Joto la prosesa linapanda sawa na mwendo, lakini linapanda kwa volteji mara volteji. Mimi nilitoka kama gigahazi 3.95 nikaenda 4.2. Hiyo ni asilimia 6. Ili ikae bila kuganda nilipandisha volteji kutoka 1.2 hadi 1.35. Chukua 1.35 gawa kwa 1.2, zidisha jibu kwa lenyewe, halafu weka ile asilimia 6 juu. Unapata joto karibu asilimia 35 juu ya lile la kwanza. Umenunua asilimia 6 ukalipa 35. Ukipata mama mboga anakuuzia hivyo utahama mtaa.

Na hiyo si joto tu, ni token. Tuseme mashine inakula wati 100 zaidi kwa sababu ya ovakloki ya prosesa na ya kadi ya grafiki, na unafanya kazi saa 8 kwa siku. Hiyo ni yuniti 0.8 kila siku, yuniti 24 kwa mwezi. Hata ukihesabu yuniti kwa shilingi 25 tu, ni shilingi 600 kila mwezi za kuokoa dakika mbili. Kama uko kwa laini ya sambaza na unadhani hiyo haikuhusu, subiri. Volteji ya sambaza jioni, kila mtu akiwa ameweka koili, inashuka mpaka balbu inakuwa kama mshumaa. Mashine iliyoovaklokiwa ndiyo ya kwanza kuganda.

Pili, na hapa ndipo watu wengi wamechanganyikiwa: maji hayafanyi joto lipotee. Maji ni kama boda. Yanachukua joto kutoka kwa prosesa na kulishukisha kwa redieta, halafu feni inalisukuma kwa hewa. Hewa ya wapi? Ya chumba chako. Kula ya maji haiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba, hata uweke redieta ya ukubwa gani.

Sasa chumba chetu ni kipi? Kumi kwa kumi, mabati juu, saa nane mchana, Februari. Dirisha ni moja, na pengine linaangalia ukuta wa jirani. Mathe ako na jiko pale kwa kona. Mashine yako inamwaga wati 400 kwa hicho chumba. Baada ya nusu saa umeongeza jiko la pili. Redieta inavuta hewa ileile ya moto na kuizungusha. Wale wasee wa YouTube wa Marekani wanapima kwa chumba cha digrii 21 chenye kiyoyozi. Namba zao ni za ukweli, lakini ni za nyumba yao.

Halafu kuna jambo hatulisemi: tuko juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya Mombasa. Feni ikizunguka mzunguko uleule, inasukuma hewa kidogo. Mtu aliniambia, "Ndiyo maana tunahitaji ya maji." Hapana buda. Redieta pia inatumia feni. Hiyo hewa nyepesi inaumiza zote mbili.

Kitu kingine kitawachekesha. Ile kula ya hewa mnaidharau pia iko na maji. Ile mirija ya shaba unaona imepita kwa mapezi ya alumini, ndani imefungwa na maji kidogo sana, na hewa imetolewa ili yachemke kwa joto la chini. Yanachemka upande wa prosesa, mvuke unakimbilia mapezi, unapoa, unakuwa maji tena, unarudi. Hakuna pampu, kwa hivyo hakuna cha kufa usiku wa harusi. Feni ikikufa unanunua nyingine, unafunga mwenyewe na waya, maisha yanaendelea.

Ya maji ikikufa, imekufa. Maji yenyewe yanapungua polepole kupitia kwa mirija ya mpira, miaka ikipita, hata bila kuvuja. Nyingi ziko na bamba la shaba upande mmoja na redieta ya alumini upande mwingine, na kinachozuia hizo metali mbili kulana ni dawa iliyo ndani ya maji. Dawa huisha nguvu. Kwa mtu anayenunua mpya na kubadilisha baada ya miaka 5 hiyo si shida. Kwa sisi tunaonunua iliyotumika, hatujui imeishi wapi, imelala vipi kwa kontena, ni mwaka wa ngapi. Unanunua saa ambayo huioni.

Na vumbi. Watu wa Kawangware mnajua ile nyekundu. Watu wa Kibera mnajua ile inayochanganyika na moshi na mafuta ya kuchapa chapo. Redieta iko na mapezi membamba yaliyobanana, na ile mchanganyiko ikiingia hapo inakuwa kama blanketi. Kula ya mnara unatoa feni, unapitisha brashi ya rangi ya shilingi 50, umemaliza.

Najua sasa mnaandika. Wacha nijibu mapema.

"Lakini ya maji inapoza vizuri zaidi." Ukilinganisha ya 360 na prosesa kama i9-14900K inayokula wati 253 na zaidi ikifunguliwa yote, ndiyo, nakubali bila kupigana. Lakini wangapi huku wako nayo? Wengi wetu tuko na Ryzen 5 ya wati 65, ama i5-12400F ambayo hata haifunguki kuovakloki kwa njia ya kawaida. Kula ya mnara moja nzuri inaimaliza. Na ile ya maji ya milimita 120, ndogo, ya bei rahisi, ambayo ndiyo wengi mnafikia? Hiyo haishindi mnara mzuri wa hewa. Umenunua picha.

Kuna wengine, na hii inaniuma, wananiuliza kula ya maji ya kuweka kwa ile Dell ama HP ya ofisi iliyotoka Uingereza ikiwa na i5-6500. Msee, hiyo prosesa haina K mwishoni. Imefungwa. Madabodi yenyewe haijatengenezwa kuovakloki, na mara nyingi hata matundu ya skrubu hayatoshei. Badala ya kula, weka SSD na ongeza ramu, utadhani umenunua mashine mpya.

"Inapiga kelele kidogo." Chumba kimoja, mtoto amelala, naelewa. Lakini ya maji iko na feni mbili na pampu juu, na pampu ikianza kuzeeka inaguruma kama paka mwenye homa. Ukitaka kimya, shusha volteji. Bayosi inakuruhusu kushuka pia, si kupanda tu. Mimi siku hizi nimeshusha, mwendo ni karibu uleule, na prosesa imeshuka digrii 9. Bei: bure.

"Kula ya mnara ni nzito, nikibeba mashine kwa boda itavunja madabodi." Hii ndiyo pointi ya maana peke yake nimesikia, na naiheshimu. Tunabeba mashine kwenda tunamenti, na tunahama nyumba kila landlodi akiamka vibaya. Mnara wa karibu kilo moja ukining'inia kwa madabodi na boda ikiruka matuta ya Naivasha Road, mambo yanaweza kuharibika. Lakini dawa yake ni kulaza kasha chini kwa ubavu, ama kufungua skrubu na kupaka pesti upya ukifika. Dakika 10. Kama unasafiri nayo kila wikendi na huna muda huo, basi sawa, wewe ya maji inakufaa. Sikupingi.

"Inakaa fiti." Ndiyo, inakaa fiti sana. Kama unastrimu na taa ndizo zinaleta watu, nunua, lakini iite pambo. Usimwambie mtoto wa Laini Saba ni injini.

Na hata ukipoza vizuri, baridi haizuii volteji mbaya. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikubali kwamba prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinapata volteji kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole. Kulikuwa na watu wenye kula za maji za bei ghali kabisa na bado mashine zikaanza kuzima. Intel walitoa marekebisho ya mikrokodi na wakaongeza waranti kwa miaka 2. Nani alifaidika na hiyo waranti? Mwenye risiti. Wewe uliyenunua kwa bahasha ya kaki kwa ngazi za jengo fulani, utaongea na nani?

Stima ndiyo adui yetu, wasee. Si joto. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi ilipotea giza, na hata JKIA ikakaa bila taa. Kama uwanja wa ndege unaweza kupatikana bila mpango, wewe na pawa saplai ya elfu moja mia mbili mko wapi?

Kwa hivyo hii ndiyo orodha yangu, na nitaisimamia. Kwanza pawa saplai ya kweli, yenye jina na uzito. Ikiwa nyepesi kama mkate, iache hapo kwa duka. Pili UPS yenye kidhibiti cha volteji ndani, hata ndogo, ikupe dakika tano za kusevu na kuzima kistaarabu. Tatu SSD na ramu, kwa sababu hizo ndizo utahisi kila siku. Nne kula ya mnara. Mimi nilipata ya 4,000 na mpaka leo iko. Tano, kama pesa bado iko na prosesa yako ni ile kubwa kweli, hapo sasa tuongee maji.

Na tukiongea maji, tuongee vizuri. Nunua mpya, boksi limefungwa, waranti imeandikwa kwa karatasi na si kwa mdomo. Isiwe chini ya 240. Hakikisha vyuma vya kufungia vinatoshea soketi yako kabla hujatoa pesa. Ukifunga, pampu isikae kuwa kitu cha juu kuliko vyote, kwa sababu hewa iliyo ndani hupanda, na pampu ikinyonya hewa inakufa mapema. Redieta ikae juu ya kasha. Kila mwezi piga vumbi. Na kwa bayosi weka onyo la pampu ikisimama, usigundue kwa kushika redieta saa saba usiku kama mimi.

Sasa neno kwa wenzangu wenye kamera, na ninajiweka mbele ya laini. Sisi ndio tunaharibu hii kitu. Tunaposti siku ya kununua, hatuposti siku ya kufa. Siku ya kununua ina taa, ina muziki, ina watu wakisema moto moto. Siku ya kufa ina aibu. Lakini mtu akitutazama kutoka Kisumu Ndogo ama Stage 2, hiyo pesa anahesabu ni ya chama cha mamake, ama ni ya vibarua vya miezi mitatu. Hana ya kununua mara ya pili. Msee wa Marekani akikosea anarudisha dukani. Huku ukikosea, umekosea mwaka mzima.

Mtaa hauhitaji mashine za kuonyesha. Unahitaji mashine za kuamka asubuhi. Dizaina, mhariri wa video, msee wa kuchapisha CV na kujaza fomu, dada anayesomea koding usiku: hao wote mashine ikikufa, kazi imekufa. Digrii tano chini hazijawahi kulipa rent ya mtu. Mashine inayowaka kila siku imelipa.

Kijana wa Laini Saba hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliniuliza tu, "Sasa bro, nifanye nini?" Kila shilingi ile video iliniletea nimeinunulia pawa saplai, na nimempelekea mwenyewe, nikapanda 8 nikashuka nayo mkononi. Si zawadi, ni deni. Madabodi bado tunatafuta. Mwenye madabodi ya AM4 imelala kwa nyumba aniambie, tuongee bei ya kibinadamu.

Ile video ya zamani sitaitoa. Nikiitoa nitakuwa nimejificha mara ya pili. Nimeandika juu yake: soma hii kwanza.

Na wewe ambaye uko na hiyo 9,500 kwa M-Pesa saa hii, umefungua picha za redieta na taa zinawaka: funga. Inama chini ya meza, angalia pawa saplai yako imeandikwa nini. Kama hakuna jina, hapo ndipo pesa yako inaenda.